Nyuzi Sita za Mwalimu Breki

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Kwingine kote anaitwa Mwalimu Breki. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu gari la shule ya udereva lina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, na ile ya mwalimu imebadilishwa mpira mara tatu ilhali ya mwanafunzi bado ina mistari yake ya kiwandani. Miaka kumi na miwili anafundisha watu kuendesha, hajagonga wala hajagongwa. Ukimwuliza siri yake atakwambia ni umakini. Ukiwauliza wanafunzi watakwambia ni ule mguu wake.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya barabara hata anaponong'ona. Ana watoto watatu na mume fundi cherehani, mtu mpole ambaye kwa bahati nzuri hajui kuendesha gari, la sivyo ndoa ingekuwa mashakani. Na zaidi ya hayo, jambo ambalo majirani wengi hawalijui, ana dunia yake. Sisemi kwamba anaringa. Ana dunia kweli, ameiunda kwa vidole vyake kumi, na iko chumba cha nyuma cha shule ya udereva, kati ya kabati la faili na choo.

Ukiingia humo utaona kiti cha gari lililokwisha kufa, kimefungwa kwa boliti kwenye ubao. Mbele yake kuna usukani, pedali tatu, gia, na skrini kubwa yenye ufa kwenye kona moja. Chini ya meza kuna kompyuta iliyovuliwa kifuniko ili ipate hewa, na feni imeelekezwa humo, haielekezwi kwa mtu hata siku ya joto la kufa mtu. Mwanafunzi anakaa, anawasha, na mbele yake mji unatokea: barabara, taa, watembea kwa miguu, mvua ikitakiwa.

Dunia hiyo ilianza na kitabu. Miaka sita nyuma, mwanafunzi mmoja mhandisi alisahau kitabu kinene cha kuandika programu kwenye kiti cha nyuma, akapata leseni, akatokomea. Mwalimu Breki alikifungua atafute jina la mwenyewe. Jina hakulipata, ila ugonjwa aliupata. Alikuwa anakisoma akisubiri wanafunzi wanaochelewa, na wanafunzi wa udereva, jamani, wanachelewa. Alijaribu kwanza gemu za magari zinazouzwa madukani, akatoka amenuna. Zote zilikuwa za mashindano. Hakuna hata moja iliyomtaka dereva asimame kumpisha mama anayevuka na mtoto. Kuna moja, ukigonga nguzo ya taa unaongezewa pointi! Basi akaamua kuandika injini yake mwenyewe tangu mstari wa kwanza, yaani ile programu inayojua kila gari liko wapi na kila kivuli kinaangukia wapi, kisha inachora yote hayo kwenye skrini, picha baada ya picha, kwa kasi mpaka jicho linakubali kwamba linaona mwendo.

Mwenye shule ni mjomba wake, kaka wa mama yake, mzee wa suruali za mikunjo aliyeanza kufundisha enzi za magari ya kusukuma. Dunia hiyo anaiita "sinema yako."

Sasa, Jumatatu moja asubuhi, Mjomba aliingia chumba cha nyuma bila kubisha hodi na kofia yake mkononi. Mjomba akivua kofia ujue kuna neno.

"Gari liko gereji, mwanangu. Gia boksi imeshushwa chini. Fundi kasema Jumatano jioni."

"Mjomba! Alhamisi saa tatu Dada Mkunga ana mtihani!"

"Ndiyo maana nimevua kofia."

Hapa lazima nimweleze Dada Mkunga, maana bila yeye hakuna kisa. Ni mkunga wa zahanati iliyo mtaa wa pili, mama wa miaka hamsini na mmoja, mpana, mtaratibu, mwenye mikono ambayo imewapokea nusu ya watoto wanaokimbia mtaani, akiwemo wa pili wa Mwalimu Breki aliyekuja miguu mbele. Zahanati ilipewa gari dogo la kubebea wagonjwa. Gari lilikuja jipya, na kwa miezi minane lilikuwa chini ya turubai kwa kuwa hakuna dereva wala fungu la kumwajiri. Mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia kwenye ngazi za duka la simenti, hatua mia mbili kutoka lilipo gari hilo. Siku ileile Mkunga alinyanyua mkono kikaoni akasema ataliendesha yeye. Kamati ya zahanati ikakubali, ikaweka na sharti: mwisho wa mwezi ukifika bila leseni, gari litapelekwa zahanati nyingine.

Mtihani alikuwa ameshaufanya mara mbili, na mara zote mbili alishindwa palepale, kwenye mzunguko mkubwa ulio mbele ya benki. Kuegesha gari anajua. Kilimani anaondoka bila kurudi nyuma hata unywele. Lakini akifika mlango wa mzunguko na magari yanamiminika, anasimama, anamgeukia aliyekaa pembeni yake, na kwa adabu zote anauliza, "Niingie?" Mtahini haruhusiwi kujibu. Basi wanakaa hapo, wawili hao, mpaka nyuma honi zinakuwa kama harusi. Na sheria ya pale haina huruma: ukishindwa mara tatu, unasubiri mwaka mzima.

"Atafanya mazoezi humu," Mwalimu Breki alimwambia Mjomba.

"Kwenye sinema?"

"Humu humu."

Mjomba akavaa kofia akatoka. Mgongo wake ulisema mengine.

Saa sita Mkunga alifika na sare zake za zahanati, akakaa kwenye kiti, akafunga mkanda ambao haujafungwa popote. Kwenye barabara tupu aliendesha vizuri kabisa. Mwalimu Breki akamwekea mzunguko wa mbele ya benki na magari kumi. Akapita. Akamwekea magari arobaini. Arobaini hayo hakuyatoa kichwani. Alikaa kwenye ngazi za benki siku tatu mfululizo, saa tatu asubuhi, na daftari, akayahesabu. Mkunga anamudu kumi. Arobaini ndiyo yanayomgandisha, kwa hiyo arobaini ndiyo dawa.

Tatizo ni kwamba yalipoingia arobaini, dunia ilianza kurukaruka. Basi lilikuwa hapa, halafu kufumba na kufumbua liko pale, katikati hakuna kitu. Kona ya skrini ilionyesha idadi ya picha kwa sekunde: kumi na nne. Jicho linataka sitini ili litulie. Mkunga alivumilia dakika nne, kisha akatoa mikono kwenye usukani na kujishika tumbo.

"Mwalimu, mimi nimeshika vitu ambavyo wewe ukivisikia tu hutakula wiki nzima. Sijawahi kutapika kazini. Leo nakaribia."

Alijilaza kwenye benchi la ofisi robo saa, amefumba macho, leso usoni. Mwalimu Breki alisimama mlangoni akimtazama na roho ikamuuma. Alikuwa amebakiza siku mbili na nusu. Gari hana. Na hiyo dunia aliyoitolea jasho miaka sita inamtapisha mtu pekee anayeihitaji kufa na kupona.

Alipoondoka Mkunga, mwalimu alifungua ule ukurasa wa kompyuta unaoonyesha jinsi prosesa inavyofanya kazi. Prosesa yake ina viini sita, ni sawa na kuwa na vibarua sita ndani ya kisanduku kimoja. Akaiendesha ile dunia ya magari arobaini, akaangalia. Kibarua wa kwanza: asilimia mia moja. Wa pili: tatu. Wa tatu: mbili. Wa nne, wa tano, wa sita: hakuna kitu.

Alipiga kelele mpaka Mjomba akaja mbio.

"Watano wamekaa tu! Mjomba, miaka sita mmoja anabeba mizigo yote na watano wamekaa kivulini!"

"Wafukuze," alisema Mjomba, ambaye hakuwa ameelewa lakini suala la vibarua analijua.

Kumbe injini yake yote ilikuwa imeandikwa kama uzi mmoja. Sogeza gari la kwanza, sogeza la pili, mpaka la arobaini. Kisha kokotoa vivuli. Kisha amua nini kinaonekana. Kisha andika amri za kuchora. Kisha zipeleke kwa kadi ya picha, kile kifaa kinachotoa picha kwenye skrini. Kisha rudi mwanzo. Kila kazi inasubiri iliyotangulia. Dawa ilikuwa kuikata kazi katika nyuzi sita na kila kibarua apewe uzi wake. Uzi mmoja usogeze magari. Nyuzi nne zigawane mji, kila mmoja na robo yake, zipange cha kuchora. Uzi wa sita uzungumze na kadi ya picha, kwa sababu kadi ile inasikiliza mdomo mmoja. Midomo sita ikisema pamoja inakasirika na kuzima skrini.

Aliandika mchana kutwa, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyekuta chumba kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikula mkate kwa mkono wa kushoto. Mwanafunzi wa nadharia alipokuja kuuliza alama za barabarani alijibiwa bila kutazamwa, na kwa bahati majibu yalikuwa sahihi.

Jumanne saa mbili asubuhi aliwasha. Picha sitini kwa sekunde! Aliruka, kiti kikaanguka, na kabla hajakiinua akaona jambo lililomfanya ashike mdomo. Basi lilikuwa linazunguka mzunguko vizuri, laini kabisa, na magurudumu yake yanakuja nyuma yake mita moja, peke yake, kwa mpangilio. Teksi ilipita dereva akiwa nje. Paa la lori likaelea kidogo, likafikiria, likarudi mahali pake.

Alicheka mpaka akalia. Lakini sababu aliijua upesi. Uzi wa kusogeza magari unabadilisha mahali pa basi, na katikati ya kazi hiyo, bodi limeshasogea na magurudumu bado, uzi wa kuchora unapita na kuchora ulichokuta. Wawili wanashika kitu kimoja kwa wakati mmoja, mmoja anaandika, mwenzake anasoma.

Na hapo ndipo Mwalimu Breki alipofanya kosa ambalo ni yeye tu angelifanya.

Kwenye kile kitabu kinene kuna kitu kinaitwa kufuli. Uzi ukitaka kugusa kitu, unachukua ufunguo. Mwingine akikuta ufunguo haupo, anasimama na kusubiri. Mwalimu mwingine angeweka kufuli mbili, tatu, mahali pa hatari. Mwalimu Breki aliweka thelathini na moja. Kwenye basi, kufuli. Kwenye gurudumu, kufuli. Kwenye kivuli cha mti ambao haujawahi kusogea tangu uumbwe, kufuli. Na kila alipoandika moja, mguu wake chini ya meza ulikanyaga sakafu.

Akawasha. Magurudumu yalirudi kwenye mabasi. Kila kitu kilikuwa mahali pake, salama salimini. Akatazama kona ya skrini: picha kumi na moja kwa sekunde.

Kumi na moja! Alipokuwa na kibarua mmoja alipata kumi na nne. Sasa ana sita, na kazi imerudi nyuma. Aliketi akashika tama. Aliangalia ule ukurasa wa viini: wote sita walikuwa macho, wote sita wamesimama foleni, kila mmoja akimsubiri mwenzake amwachie ufunguo.

Saa saba mchana Mkunga alikuja tena, na chakula chake kwenye kibakuli. Alikaa kwenye benchi, kwenye kile kiti hakukikaribia. Alimkuta mwalimu wake amenyong'onyea, jambo ambalo si kawaida, akamwuliza kulikoni. Mwalimu Breki akamweleza yote, pamoja na basi na magurudumu yake. Mkunga alicheka kwa tumbo lake lote, kijiko mkononi.

"Sasa mdogo wangu, kwani ni lazima wasome na kuandika daftari lilelile?"

"Dunia ni moja, Dada. Daftari ni moja."

"Sisi wodini tunayo mawili. Zamu yangu inaandika ripoti ya leo. Wakati naandika, daktari akija anasoma ya zamu iliyopita, ile iliyokwisha kusainiwa. Yangu hairuhusiwi kuguswa mpaka nisaini. Nikisaini, nayo inakuwa ya kusomwa, na lile daftari la zamani ndilo zamu inayofuata inaandikia. Hakuna anayemsubiri mtu."

"Lakini daktari anasoma habari iliyochelewa."

"Imechelewa kwa zamu moja. Lakini ni kamili. Afadhali hiyo kuliko kusoma ripoti yangu nikiwa nimeandika 'mama amejifungua' na sijaandika bado ni mapacha."

Mwalimu Breki alikuwa ameshasimama. Mkunga baadaye alisema aliogopa, alidhani mwenzake kapata homa, maana macho yalimtoka na mikono ikaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

"Kula, Dada. Kula taratibu. Usiniongeleshe."

Dunia mbili! Si kuweka kufuli kwenye dunia moja, bali kuwa na mbili. Moja imesainiwa, imekamilika, haiguswi na mtu, nyuzi zote nne za kuchora ziisome zitakavyo, hata zikigongana mabega, kwa kuwa kusoma hakuharibu kitu. Nyingine inaandikwa na ule uzi wa kusogeza magari, peke yake, kwa raha zake. Wakimaliza wote, dunia mbili zinabadilishana nafasi, na mchezo unaanza tena. Kinachoonekana kwenye skrini kitachelewa kwa picha moja, sehemu moja ya sitini ya sekunde. Hata mbu hatagundua. Na kila uzi wa kuchora uandike amri zake kwenye karatasi yake wenyewe, usichungulie ya jirani. Mwishoni uzi wa sita unakusanya karatasi nne na kuzipeleka kwa kadi ya picha kwa mpangilio, mdomo mmoja.

Aliandika alasiri yote. Kuandika daftari la pili kulikuwa rahisi. Kilichomtoa jasho jembamba ni kufuta kufuli. Kila alipofuta moja alijiona anamwachia mwanafunzi usukani kwenye mteremko. Alifuta ya basi, akasimama, akanywa maji. Alifuta ya magurudumu, akaenda dirishani. Ilipofika saa kumi na moja alikuwa amefuta thelathini, na Mjomba anagongagonga funguo za ofisi mlangoni kumwambia kwa ustaarabu kwamba watu wana makwao.

Jumatano asubuhi, mume wake alimmiminia chai akamtazama akiikoroga kwa dakika mbili bila kuweka sukari.

"Mke wangu, leo unafundisha au unafundishwa?"

"Baba, leo ama nitaruka ama nitalia."

"Ukiruka angalia dari," alisema fundi cherehani, akambusu utosini, akaenda kazini.

Aliwasha saa mbili na robo. Magari arobaini. Mvua pia aliiongeza, kwa kiburi. Mabasi yalikuwa mazima, teksi zina madereva ndani. Picha kwa sekunde: thelathini na nne.

Si haba, lakini si sitini. Aliupitia msimbo mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini, akiusoma kwa sauti kama anamsomea mtu mashtaka. Na alipofika kwenye vivuli akakuta ile kufuli ya thelathini na moja, ya ule mti usiosogea, imekaa kimya, inazisimamisha nyuzi nne kila picha. Aliitazama. Mguu ukataka kukanyaga, akaukunja chini ya kiti akaukalia, halafu akaifuta.

Sitini. Sitini na moja. Sitini.

Hakuruka. Alikaa tu, machozi yakimtoka, akatazama mvua ikianguka juu ya magari arobaini, kila tone na njia yake, basi likipinda na maji yakiruka kwenye magurudumu yaliyo mahali pake. Kisha akapiga makofi peke yake, kwa nguvu. Mjomba aliingia, akaiona ile mvua kwenye skrini, akageuka haraka akaenda kuangalia kama amefunga madirisha ya ofisi. Aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Hii... hii si sinema," alisema.

"Ni nini, Mjomba?"

Mjomba alifikiri. "Sijui. Lakini nimelowa."

Saa sita Mkunga alikaa kwenye kiti kwa mashaka, leso tayari mapajani. Dakika ya kwanza ikapita. Ya tano. Ya kumi. Leso ikaanguka chini na hakuna aliyeiokota. Alikuwa anaendesha kweli, anacheki vioo, anawasha indiketa, na mji unatiririka mbele yake bila kukwama. Kisha akafika kwenye mzunguko, magari arobaini, mvua. Akasimama. Akamgeukia Mwalimu Breki aliyesimama pembeni yake.

"Niingie?"

Mwalimu Breki alifungua mdomo aseme ngoja, kama alivyosema mara mia nne. Akatazama chini na kuona mguu wake umekanyaga sakafu, ukucha umepauka kwa kukandamiza. Hakukuwa na pedali hapo. Hapajawahi kuwa na pedali hapo. Ikampitia kichwani, bila yeye kuitafuta, kwamba mama huyu anayewaingiza watu duniani bila kumwuliza mtu ruhusa, amefundishwa na yeye kuomba ufunguo.

"Dada, natoka nje," alisema.

"Unaenda wapi? Mwalimu! Niko kwenye mzunguko!"

"Najua uko wapi."

Akatoka, akafunga mlango, akasimama kwenye korido na mkono mdomoni. Ndani palikuwa kimya. Honi moja ya kompyuta. Honi ya pili. Kisha kimya tena, kirefu, halafu injini ikanguruma gia ya pili, na sauti ya Mkunga ikapenya ukutani: "Wee! Wee! Nimo!"

Aliingia kwenye mzunguko ule mara ishirini na sita mchana huo. Walipomaliza alikuwa ameloa jasho na anacheka.

Alhamisi asubuhi gari lilirudi kutoka gereji likinukia mafuta mapya. Mbele ya ofisi ya mitihani Mkunga alimshika Mwalimu Breki mkono, na mkono ule mzoefu ulikuwa baridi.

"Nakuomba kitu kimoja. Nenda ukasimame pale kwenye mzunguko, kwenye ngazi za benki. Nikikuona tu, nitapata moyo."

"Nitakuwepo."

Alikuwepo kabla ya saa tatu, na ili aonekane vizuri alivaa lile koti la njano la kufundishia. Alihesabu magari kwa mazoea: arobaini na tatu. Saa tatu na dakika kumi na mbili gari la shule likatokea, Mkunga kwenye usukani, mtahini pembeni yake na ubao wake wa karatasi. Mwalimu Breki alinyanyua mikono yote miwili. Akapunga. Akaruka kidogo, mtu mzima yule, mpaka mlinzi wa benki akasogea.

Gari lilisimama kwenye mlango wa mzunguko. Basi likapita. Lori likapita. Mkunga hakumgeukia mtahini. Macho yake yalikwenda barabarani, kwenye kioo, barabarani tena, pengo likafunguka kati ya teksi na pikipiki, na gari likaingia. Likazunguka laini, likawasha indiketa, likapita mita tatu kutoka kwenye ngazi za benki, likatoka upande wa zahanati na kupotea.

Nusu saa baadaye walikutana mbele ya ofisi ya mitihani. Mkunga alikuwa na karatasi ya kijani mkononi, ameishika kwa vidole viwili kama inachoma, na mtu alihitaji kumtazama mara moja tu kujua. Walikumbatiana mpaka kofia ya Mjomba, aliyejipenyeza katikati, ikaanguka. Walilia, walicheka, Mkunga akasema kesho turubai linatoka. Kisha akajitoa kwenye kumbatio, akamtazama mwalimu wake, na uso ukabadilika.

"Lakini mdogo wangu, uliniahidi. Mbona hukuja?"

"Wapi?"

"Kwenye mzunguko. Ulisema utasimama pale."

Mwalimu Breki alimtazama, na koti lake la njano mwilini.

"Nilikuwepo, Dada. Nilikupungia mikono yote miwili."

"Sikukuona."

"Najua," alisema Mwalimu Breki, na furaha iliyomshika hapo ilikuwa kubwa kiasi kwamba alikaa chini, palepale kwenye ukingo wa barabara, mbele za watu, akacheka.